Mikono ya Msagaji

Msagaji alikuwa na desturi moja iliyowafanya wanaume wenzake wa pale uani wamcheke. Akirudi kutoka kiwandani, kabla ya kuvua viatu, kabla ya kuulizia chakula, kabla hata ya kumwamkia vizuri mama yake mzazi aliyekuja kusaidia kulea, ilikuwa lazima amshike mwanawe. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, na mtoto wa kwanza humtoa mtu mzima akilini. Atanawa bombani, maji ya haraka haraka, atajipangusa kwenye suruali, kisha atanyoosha mikono mlangoni na kusema, "Nipeni Meneja wangu nimpe ripoti ya kazi."

Meneja ndiye mtoto. Walimbandika jina hilo kwa sababu mchana kutwa alilala na jioni akawafokea wafanyakazi. Alikuwa na miezi mitatu na mashavu ya kuwatosha watoto wawili. Baba yake alimlaza mapajani, akavishika vile vidole vidogo, akavikunja na kuvikunjua, akavichezea mpaka mtoto akacheka kwa ufizi mtupu. Kisha ngumi ikaingia mdomoni, Meneja akaitafuna kwa bidii, na muda si muda kilio kikaanza. Wala hakikuwa kilio cha kudeka. Alikunja miguu, uso ukamwiva, mate yakamchuruzika hadi shingoni, na ngumi hakuitoa.

"Haya, ameshaanza," alisema Bibi, mama yake Msagaji, kutoka kwenye kigoda chake. Bibi alikuwa amelea watoto sita, wote hai, na hakumruhusu mtu yeyote asahau. "Mtoto anayekula mikono yake ana njaa. Hilo halihitaji mganga."

"Ametoka kunyonya sasa hivi, mama," alisema mke wa Msagaji. Alikuwa bado anafunga vifungo vya blauzi.

"Kunyonya ni kitu kimoja, kushiba ni kingine. Hata bomba letu pale nje lina mdomo, lakini maji je?"

Mlangoni alikuwa amesimama jirani wa chumba cha pili, ambaye uani wote walimwita Redio, na hakuwahi kuishiwa betri. Alikuja kuazima kiberiti, akasahau kuondoka nacho. "Mimi naona ni meno," alisema.

"Meno ya miezi mitatu?" Bibi alimtazama juu hadi chini. "Labda ya kwako wewe yanayowasha." Kisha akamgeukia mkaza mwanawe. "Hebu kamua kidogo tuone."

Mke alimtazama mumewe. Alikuwa na aibu, na macho yake yalisema hivyo waziwazi: alikuwa akimwomba aseme neno moja tu, hata "Mama, basi." Msagaji alikuwa anamtikisa mtoto na kichwa chake kimejaa kelele. Alitazama pembeni. Basi yule mwanamke akageukia ukuta, akajikamua mbele ya mama mkwe na jirani. Maziwa nayo yana haya zake, mama akihofu hujificha. Likatoka tone moja, la pili likaning'inia.

"Mmeona wenyewe," alisema Bibi.

Ndipo Msagaji, kwa uchovu wa kutwa nzima na hasira ya kushindwa kumnyamazisha mwanawe, akasema, "Hata mbuzi hunyonyesha wanawe, na hakuna anayemfundisha."

Redio ndiye aliyecheka kwanza. Msagaji naye akacheka kidogo, ili neno lake lionekane ni utani. Mkewe alifunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha juu kabisa, akamchukua mtoto, akaketi kitandani na kuwapa mgongo wote.

Kesho yake asubuhi bomba la uani lilikoroma bila kutoa maji. Mwanamke mmoja akaweka ndoo chini na kusema, "Hili nalo limekuwa mke wa Msagaji." Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Msagaji alikuwa hapo hapo, mswaki mdomoni, nyuma ya kamba ya nguo. Alisukutua, akatema, akaingia ndani polepole kama mtu ambaye hakusikia kitu.

*

Bibi alitoa hukumu yake wakati wa chai. Jumapili alikuwa anarudi kwake. Ikifika Jumapili hali haijabadilika, ataondoka na mtoto, atamlea kwa maziwa ya kopo mpaka atakapoweza kula mwenyewe. "Siwezi kuacha damu yangu ife njaa nikitazama," alisema. "Mama yake atamfuata akipona."

"Akipona nini?" aliuliza mke. "Mimi siumwi."

Bibi alikoroga chai yake. Msagaji aliona afadhali waende kliniki kwanza, na siku hiyo aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini. Alikuwa mwanamume pekee kwenye benchi, magoti yamebana, mfuko wa nepi mapajani.

Nesi alimpima mtoto, akasoma mizani, akamnyanyua na kumtazama usoni. "Wewe bwana mkubwa, uzito huu huupati kwa kula hewa," alimwambia Meneja. Akapitisha kidole kwenye ufizi. "Meno bado. Kwa hiyo tatizo ni nini?"

"Anakula mikono, sista," alisema Msagaji. "Halafu analia. Mke wangu hana maziwa."

Nesi akamgeukia. "Wewe ndiye unayenyonyesha?"

Benchi zima lilicheka. Msagaji alihisi masikio yakimwaka moto.

"Nakuuliza wewe, mama," nesi aliendelea. "Anakojoa vizuri? Analowesha nepi mara nyingi? Basi anashiba. Umri huu ndiyo kwanza anagundua kwamba ana mikono. Hata wewe ukipewa kitu kipya hutakitazama tu, utakishika na kukijaribu. Watoto hujaribu kwa mdomo. Kulia nako kuna mambo mengi. Usingizi, gesi tumboni, joto, kelele, kupitishwa mikononi mwa watu. Kwenu hulia zaidi saa ngapi?"

"Jioni," alisema mke. "Baba yake akisharudi."

"Jioni wengi husumbua, wamechoka." Nesi aligeuza uso wa mtoto kwenye mwanga wa dirisha. "Na huu wekundu kuzunguka midomo? Mnampaka nini?"

"Hatumpaki kitu," alisema Msagaji. "Ni mate tu hayo."

"Mpanguseni kwa kitambaa laini. Naweni mikono vizuri kabla ya kumshika. Na umnyonyeshe, mama, usimpe kingine chochote. Maziwa yako yanatosha."

Nje Msagaji alitembea mbele, hatua ndefu, mkewe akimfuata na mtoto mgongoni. Kile kicheko cha benchi kilikuwa bado kinamtambaa mwilini. Walipofika nyumbani, Bibi alimuuliza yeye, si mkewe, kliniki wamesemaje.

"Wamesema tumwangalie tu," alijibu Msagaji.

"Wamesema maziwa yanatosha," alisema mkewe.

"Wamesema tumwangalie," alirudia Msagaji, akachukua kofia yake ya kazi na kuondoka. Nyuma yake alimsikia mama yake akimwita Redio, amtume dukani kuulizia maziwa ya kopo.

*

Kiwanda kilikuwa na pande mbili. Upande mmoja walisaga unga, huko watu walitoka weupe na kuimba. Upande wa pili walisaga viungo, na mwisho wake kabisa, nyuma ya pazia la plastiki, palikuwa na mashine ya pilipili. Mwezi uliopita Msagaji alitolewa kwenye unga akapandishwa kwenye mashine hiyo, na alijivuna sana. Wengi walishindwa kwa chafya na machozi. Yeye wiki ya kwanza alikohoa, wiki ya pili akazoea, na sasa angeweza kula mkate huku vumbi jekundu likimtua mabegani. Hata nyumbani walishazoea. Harufu ya kila siku haina mtu wa kuinusa.

Alhamisi ile ile ya kliniki, saa ya kupumzika, alikuja kumsalimia rafiki yake wa zamani wa upande wa unga, mtu mrefu mwenye mizaha aliyefungasha mifuko. Wakapeana mkono, wakashikana kwa muda mrefu, kama watu waliopotezana. Msagaji akamweleza habari za mtoto. Mfungashaji akafikicha jicho.

"Mama yangu!" alipiga ukelele. Aliinama, akashika ukuta, machozi yakamtoka mfululizo. "Jicho! Bwana wee, mkono wako huu ni silaha!"

Wenzao wakaangua kicheko. Msagaji alicheka kuliko wote. "Lakini nimenawa! Nimenawa kabla ya kula!"

"Umenawa nini!" alifoka Mfungashaji, kitambaa usoni. "Waliosema pilipili usiyoila yakuwashiani hawakupeana mkono na wewe!"

"Maji hayaitoi," alisema fundi wa mashine, hata hakuinua kichwa. "Yanaitandaza tu. Paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua, ndipo utie sabuni. Hukuambiwa na aliyekuachia mashine?"

Msagaji alikuwa bado anacheka. Kisha kicheko kikamkatikia kifuani. Aliitazama mikono yake, kwanza viganja, halafu kucha, akaona ule wekundu uliokuwa umelala kwenye mistari ya ngozi. Akakumbuka vidole vidogo akivikunja na kuvikunjua. Akakumbuka ngumi ikiingia mdomoni.

"Vipi?" aliuliza fundi.

"Hakuna kitu," alisema Msagaji, na akaenda kujificha nyuma ya magunia. Huko alikaa chini. Mwanamume yule mwenye mabega ya kubeba gunia peke yake akaweka mikono juu ya magoti, mbali na uso wake, akaiogopa.

*

Jioni ile alijisugua kwa mafuta na sabuni mpaka ngozi ikamchubuka. Overoli akaiacha kiwandani. Alikuwa ameshapanga maneno yote njiani. Ataingia, atasema, "Mama, mke wangu, nimegundua," na hata ule utani wa jicho la Mfungashaji atausimulia, wacheke wote. Kosa la kutojua si dhambi, nani atamlaumu?

Alipofungua mlango alimkuta Bibi amempakata Meneja, chupa mkononi, kopo jipya mezani na Redio kama shahidi. Msagaji hakumshika mtoto. Aliketi mbali, mikono mifukoni. Mtoto alimaliza chupa, akaingiza ngumi mdomoni, akaitafuna na kuiguguna kwa raha zake. Wakangoja. Hakulia. Akaitoa ngumi, akaitazama kwa mshangao, akairudisha.

"Niliwaambia nini?" Bibi alisema, na sauti ikamtetemeka kwa ushindi. "Chupa ya kwanza tu! Ya kwanza! Mtoto alikuwa na njaa!"

"Kweli kuishi kwingi ni kuona mengi," alisema Redio, na miguu yake ilikuwa tayari inatazama uani.

Mke alikuwa amesimama pale penye vyombo. Kichwa kiliinama taratibu, na Msagaji akaona jambo baya kuliko yote: sasa hata yeye mwenyewe alianza kuamini.

Huo ndio ulikuwa wakati wake. Alifungua mdomo. Lakini akisema, ataanzia wapi? Ataanzia kwenye pilipili, na pilipili itawafikisha kwenye kliniki aliyoifunika, kliniki itawafikisha kwenye mbuzi, na yote hayo mbele ya mama yake aliyekuwa anang'aa kwa furaha. Kesho, alijiambia. Akiwa ametoka huyu Redio. Akafunga mdomo, akaomba maji ya kunywa.

Kesho ilifika na haikumkuta na ulimi. Mtoto alitulia, Bibi akaimba, uani wakalisifu kopo. Ijumaa na Jumamosi jioni Msagaji alirudi na mikono iliyochubuka na hakuthubutu kumgusa mwanawe.

"Mbona siku hizi humbebi?" mkewe alimuuliza walipobaki wawili.

"Nimechoka."

"Ulikuwa unachoka zamani pia, na ulimbeba." Alikunja nepi, akaikunjua, akaikunja tena. "Kama umenichoka mimi, useme. Usimtupe na mtoto."

"Maneno gani hayo!"

"Basi nifundishe mengine."

Aliondoka chumbani na kikombe chini ya nguo. Msagaji alimfuata kwa macho kupitia dirishani. Mkewe alisimama nyuma ya bafu, akaangalia huku na huku kama mwizi, akajikamua. Maziwa yalitoka kwa nguvu, mengi, yakapiga ukingo wa kikombe hadi mumewe pale dirishani akayasikia. Kikombe kilipojaa, akakimwaga kwenye mfereji wa maji machafu, akasuuza, akakirudisha ndani pamoja na vyombo vingine. Msagaji aliona haya kiasi cha kutamani ardhi immeze. Ardhi haikummeza, na yeye hakusema.

*

Jumapili Bibi alivaa nguo zake za safari. Begi lilikuwa mlangoni, kopo juu yake. Msagaji alikuwa na tumaini dogo kwamba mama yake, akimwona mtoto ametulia, ataghairi. Badala yake utulivu ndio ukawa sababu.

"Kopo limemkubali, na mimi ndiye ninayejua kulipima," alisema Bibi. "Huyu mkeo nguvu hana. Apumzike."

Wanawake wa uani walikuja kuaga. Mke wa Msagaji alikuwa amefunga vitu vya mtoto vizuri, nguo za juu juu, za ndani ndani, kama alivyoagizwa. Hakulia. Alimbusu Meneja kwenye utosi, akamkabidhi bibi yake. Mtoto alipohisi anaachwa akatoa kilio kifupi, na kwa kilio hicho blauzi ya mama yake ikalowa. Madoa mawili yakatokea kifuani, yakakua, yakashuka hadi kiunoni mbele ya macho ya watu wote.

Hata Redio alikosa mawimbi.

"Maji tu hayo," alisema Bibi, lakini hakuyatazama.

"Mama, mrudishe mtoto," alisema Msagaji.

"Nini?"

"Mrudishe. Maziwa yapo. Tangu mwanzo yapo, na nesi alisema yapo, mimi ndiye niliyenyamaza. Mtoto hakuwa na njaa. Nilikuwa namwasha mimi." Akaonyesha viganja vyake, na kwa jinsi vilivyochubuka vilionekana vya mtu mgonjwa. "Pilipili. Nilikuwa namshika mikono nikirudi kazini, anaitia mdomoni. Siku nilipoacha kumshika ndiyo siku aliyoacha kulia. Kopo halikufanya kitu."

Bibi alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, kumtetea mkeo ni vizuri. Lakini usijizulie mambo."

Basi Msagaji akaingia ndani, akavuta kutoka chini ya kitanda mfuko wa plastiki, akatoa overoli aliyoileta jana kufuliwa. Aliishika mbele ya mama yake, mkono mmoja wa nguo umening'inia. "Gusa hapo. Kisha gusa mdomo wako."

"Sina wazimu mimi."

"Gusa, mama. Mwanangu ameonja mwezi mzima."

Bibi alimpa Redio mtoto ashike. Akapitisha kidole kwenye kitambaa, kwa dharau, akakipeleka mdomoni mbele ya mashahidi wake. Kwa muda hakuna lililotokea. Kisha midomo ikaanza kumcheza, macho yakajaa, akakohoa, akafunika mdomo kwa kiganja na kukohoa tena. Machozi yaliyomtoka mwanzoni yalikuwa ya pilipili. Baadaye hayakuwa ya pilipili.

"Mjukuu wangu," alisema kwa sauti iliyokwaruzika, na akanyoosha mikono.

"Usimguse, mama," alisema mke wa Msagaji. Hakupaza sauti. "Kanawe kwanza." Akamchukua mwanawe kutoka kwa Redio, na Redio akampa kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Msagaji alihisi mzigo ukimshuka. Amesema. Amejiaibisha mbele ya uani wote, na bado yuko hai. Alimsogelea mkewe. "Nisamehe," alisema. "Sikujua. Wallahi sikujua kwamba ni mimi."

Mkewe alikuwa ameshafungua vifungo. Mtoto alishadaka ziwa na kunyonya kwa pupa, mkono mmoja umelishika vidole wazi. Alimtazama kwanza mtoto, akahakikisha ameshika vizuri, ndipo akamtazama mumewe.

"Aliacha kulia lini?" aliuliza.

Msagaji aliitazama overoli mkononi mwake.

"Lini?"

"Alhamisi."

Mkewe alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha. Ijumaa nzima. Jumamosi nzima. Vikombe vyote vile. Nguo za mtoto alizozikunja leo alfajiri na kuzifunga begini kwa mikono yake mwenyewe, huku mumewe ameketi kitandani akimtazama.

"Pilipili hukuijua," alisema. "Hiyo nimekusamehe, hata usingeomba. Lakini tangu Alhamisi ulijua."

Akageuka kidogo ili jua lisimpige mtoto usoni, akaendelea kunyonyesha. Wanawake walianza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga. Bibi alikuwa bombani, anasugua mkono kwa maji matupu. Msagaji alibaki amesimama na overoli yake. Alitaka kuirudisha ndani, lakini ili aingie ndani ilibidi apite mbele ya mkewe, na hakuweza.